Barua ya wazi: Msikiti wa Kizimkazi Dimbani si gofu

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya majengo ya kale, utalii na mali za wakfu, Unguja.

YAH: MSIKITI WA KALE WA KIZIMKAZI DIMBANI

Waheshimiwa,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baad. Nimesali katika msikiti huu tangu nikiwa mtoto wa kushikwa mkono. Sina cheo ndani yake. Si imamu wala si katibu wa kamati. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, na kuta zile alizigusa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kabla ya barua hii tulileta barua tatu kwa njia ya kawaida, zimesainiwa na wazee, zimepigwa muhuri. Ya kwanza tuliambiwa imepokewa. Ya pili tuliambiwa inafanyiwa kazi. Ya tatu haikujibiwa. Kwa adabu zote za kijana mbele ya wakubwa zake, leo naandika hadharani, kwa sababu mvua za masika hazitungoji.

Niruhusuni kwanza niseme msikiti wenyewe ni nini, maana naona wengi wanaoutaja wanautaja kwa mazoea tu.

Ukisimama nje, huoni kitu cha kushangaza. Ni nyumba ndogo ya mawe, paa la bati, makaburi ya wacha Mungu ubavuni, na bahari ya Dimbani haiko mbali. Mgeni anayekuja kutazama pomboo anaweza kuupita akidhani ni banda la kuwekea nyavu. Lakini ingia, uelekee kibla. Kwenye mihrabu, pale ukutani anaposimama imamu, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa katika tumbawe. Herufi zimesimama wima, ncha zake zinachanua kama majani yanayotaka kufunguka, na zimeshikana hivi kwamba hata mwalimu aliyehitimu chuoni hawezi kuzisoma kwa mtazamo wa kwanza. Zinasema kwamba kujengwa kwake kuliamrishwa na Sheikh Sayyid Abu Imran Musa bin Hasan bin Muhammad, zinamwombea umri mrefu, na zinataja mwezi na mwaka: Dhulkaada, mwaka 500 wa Hijria. Kwa kalenda ya Miladi hiyo ni 1107.

Wataalamu wameulinganisha uchongaji ule na kazi za Siraf, bandari ya kale ya Uajemi, ambayo majahazi yake yalikuja pwani yetu na upepo wa kaskazi. Mimi si mtaalamu. Ila baba alinifundisha kwamba tumbawe hukatwa likiwa bado bichi, limetoka baharini, laini kiasi cha kuchongeka kwa kisu, likishakauka, linakaza. Kwa hiyo aliyechonga maneno yale hakuwa na nafasi ya kusitasita. Alikuwa na siku chache, na jiwe likimkauka mkononi limemponyoka. Kila nikiinuka kutoka kwenye sijda nikayaona yale maandishi, namfikiria yeye kuliko ninavyomfikiria aliyetoa amri.

Mwaka 1922 Samuel Flury, bingwa wa maandishi ya Kikufi, alichapisha uchambuzi wa maandishi yetu katika jarida la wasomi huko London. Tangu hapo yamechapishwa na kujadiliwa tena na tena, na leo hakuna anayeandika historia ya Uislamu katika Afrika Mashariki akaweza kuiruka Kizimkazi. Ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa yenye tarehe katika pwani yote hii.

Sasa jengo lenyewe. Sehemu kubwa ya kuta zinazoonekana leo si za 1107. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18, miaka ya 1770, na pale pale kwenye mihrabu kuna maandishi ya baadaye yanayoshuhudia kazi hiyo. Jambo hili huwa linasemwa kwa sauti ya chini, kama aibu ya familia. Mimi naliona kuwa ndilo jambo kubwa kuliko yote. Tazameni misikiti mingine ya kale ya pwani: Kilwa Kisiwani, Songo Mnara, Kua, Kaole, Tongoni, Gede kule Kenya. Ni mikubwa, mingine ilikuwa na fahari tusiyoweza hata kuiota, na yote leo ni magofu. Watu waliondoka, mibuyu na mizizi ikaingia. Wa kwetu ulipochakaa, palikuwa na watu waliotaka kusali ndani yake, wakachoma chokaa, wakasimamisha kuta, na lile jiwe la mwaka 500 wakaliweka mahali pake, likabaki likitazamwa na kila anayesali. Hawakuwa na kasri wala hazina. Walikuwa wavuvi na wakulima kama sisi.

Kama kuna sentensi moja ninayotaka mbaki nayo, Waheshimiwa, ni hii: msikiti huu umetufikia kwa sababu ya wanaosali ndani yake, na tangu mlipoanza kuuangalia kama kitu cha kale tu, sisi tunaosali tumeondolewa katika kila uamuzi unaouhusu.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Saruji.

Hili nalitanguliza kwa kuwa ndilo linaloharibu kila siku, hata usiku tukiwa tumelala. Miaka michache iliyopita waliletwa mafundi. Hatukuulizwa, hatukuambiwa wametumwa na nani. Tuliwakuta baada ya sala ya alfajiri wakichanganya saruji. Waliziba nyufa za ukuta wa nje, wakasawazisha, wakapaka rangi nyeupe, wakaondoka siku ya pili. Kwa macho ilikuwa kazi safi. Wazee wakawashukuru, nami nakiri niliwashukuru.

Masika ya pili ukuta ukaanza kutoa unga mweupe pembeni ya viraka. Masika ya tatu kiraka kimoja kikabanduka chote, kikaja na uso wa jiwe lililokuwa nyuma yake.

Fundi yeyote wa zamani angewaeleza sababu. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu unapanda kutoka ardhini ukiwa na chumvi, na sisi tuko pwani, chumvi iko hata katika upepo. Ukuta wa chokaa unauruhusu unyevu ule kutoka. Chokaa ni laini, ikiumia inaumia yenyewe, unaikwangua na kuipaka upya. Saruji ni ngumu na inaziba. Unyevu unakwama nyuma yake, maji yakikauka chumvi inabaki, inavimba ndani ya matundu ya jiwe, na jiwe linapasuka. Ile saruji inabaki nzima kabisa, na jiwe lililoilinda Kizimkazi kwa mamia ya miaka ndilo linalogeuka unga.

Mpaka sasa maandishi ya mihrabu hayajaguswa. Lakini mihrabu imeshikana na ukuta wa kibla, na ukuta wa kibla una upande wa nje. Chumvi haijui mahali pa kihistoria panapoanzia na panapoishia. Katika barua ya pili tuliandika habari hii kwa kirefu, tukaomba viraka vile viondolewe taratibu na mtu anayejua chokaa. Hilo ndilo tuliloambiwa linafanyiwa kazi.

2. Wageni na nyakati za sala.

Naomba nisieleweke vibaya. Kizimkazi ni kijiji cha wageni, na wageni wametulisha. Leo jina letu linajulikana kwa sababu ya pomboo, na kwa sababu Rais Samia Suluhu Hassan amezaliwa Kizimkazi. Hapo zamani lilijulikana kwa sababu ya msikiti. Hakuna mswalihina hata mmoja anayetaka mlango ufungwe. Wengi wanaokuja ni watu wa heshima. Wanavua viatu, wanajistiri, wananong'ona, na nimewahi kumwona mama mmoja wa Kizungu akilia mbele ya yale maandishi bila kuelewa herufi hata moja.

Shida ni wanaowaleta. Watembeza watalii wana ratiba ya boti, na ratiba ya boti inawafikisha msikitini karibu na adhuhuri. Safu zetu si nyingi. Wavuvi wakiwa baharini, adhuhuri tunaweza kuwa safu mbili. Mtu anaingia na kundi tunaposali, anawapanga nyuma yetu, anaeleza kwa sauti. Imamu amewahi kuambiwa asogee kidogo ili picha ipatikane. Aliyemwambia ni kijana wa hapa hapa Unguja, Mwislamu, aliyekuwa akiogopa kulaumiwa na tajiri wake. Sikumchukia. Nilimhurumia. Lakini nani alimfundisha kwamba pale sisi ndio tulio njiani?

3. Historia inayosimuliwa.

Nimesikia kwa masikio yangu wageni wakiambiwa kwamba huu ndio msikiti wa kwanza Afrika Mashariki. Si kweli. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha misikiti iliyotangulia wetu kwa zaidi ya miaka 200. Nimesikia wakiambiwa kuta zote ni za 1107. Si kweli pia, nimeshaeleza. Kuna siku nilisikia kwamba msikiti ulijengwa na Wareno!

Tusichanganye uongo huu na visa vya wazee. Tumelelewa na kisa cha Kizi, mtawala wa kale aliyeomba dua maadui walipokuja, nyuki wakatoka wakawafukuza, na walivyorudi mwamba ukafunguka ukampokea. Bibi yangu alikisimulia hivyo, na nami nawasimulia wanangu hivyo, wakijua ni kisa cha bibi. Kisa kina mahali pake na tarehe ina mahali pake. Anayemuuzia mgeni uongo kwa sababu ukweli anauona mdogo, huyo hajaelewa alichosimama mbele yake. Msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, uliojengwa upya na wanakijiji miaka mia sita na zaidi baadaye, ukasaliwa mpaka leo asubuhi, unahitaji kutiwa chumvi gani?

Na kuna linaloniuma zaidi ya hayo. Yaliyoandikwa kuhusu maandishi yetu yako kwa Kiingereza, katika majarida yanayokaa vyuo vikuu vya mbali. Imepita zaidi ya miaka 100 tangu Flury aeleze herufi kwa herufi kilichochongwa, na mtoto wa skuli ya Dimbani hajawahi kupewa karatasi moja ya Kiswahili inayomwambia babu zake waliandika nini ukutani. Mtoto huyo huyo anajua majina ya hoteli zote za pwani hii.

4. Sadaka na michango.

Nitalisema kwa ufupi, kwa sababu mambo ya fedha yanafanya watu wasisikie mengine. Wageni wanatoa. Wanachotoa ndani ya msikiti kinahesabiwa na kamati mbele ya watu. Wanacholipa kabla ya kufika, wakiambiwa ni kwa ajili ya msikiti, hatujawahi kukiona wala kuonyeshwa hesabu yake. Simtuhumu mtu. Tunaomba hesabu.

Waheshimiwa, nimekaa katika vikao vya kutosha kujua yatakayojibiwa, kwa hiyo nitayasogelea mwenyewe.

Mtasema hakuna fedha. Chokaa ni rahisi kuliko mnavyodhani. Matumbawe yaliyokufa yapo, kuni zipo, mashimo ya kuzimia chokaa yalikuwapo kijijini hapa katika uhai wangu. Kilicho ghali ni muda, kwa maana chokaa nzuri huzimwa kwa maji ikaachwa ikae miezi, na mafundi wale waliletwa kwa siku mbili.

Mtasema kazi hii ni ya wataalamu, wanakijiji wasiingilie. Tunawaheshimu wataalamu, bila wao tusingejua jina la Sheikh Abu Imran. Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sote tuliiona Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, likiporomoka huku likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Siitaji habari ile ili kumnyooshea mtu kidole. Naitaja kwa sababu pale fedha zilikuwapo na wataalamu walikuwapo. Jengo la kale linamhitaji pia mtu anayelala karibu nalo, anayejua ufa huu ulikuwa mfupi mwaka jana. Kizimkazi watu hao tupo, tunaingia ndani mara tano kwa siku, na hatujawahi kuulizwa ufa ulianza lini.

Mtasema nyinyi ni wachache, msikiti huu sasa ni wa taifa zima, ni wa dunia. Hili ndilo jibu ninaloliogopa, kwa sababu linasemwa kwa tabasamu. Ni kweli sisi ni wachache. Hata waliousimamisha tena miaka ya 1770 hawakuwa jeshi. Msikiti ni wakfu, na wakfu hautoki katika kazi yake kwa kuwa wanaoutumia wamepungua. Ukishageuzwa kuwa mahali pa kutazama tu, utapata uzio, utapata kibanda cha tiketi, na baada ya miaka hamsini utakuwa kama Kaole: mzuri, umenyamaza, unafungwa jioni.

Basi tunaomba nini?

Tunaomba saruji isiguse tena ukuta wowote wa msikiti huu, ndani wala nje, na viraka vilivyopo viondolewe na fundi wa chokaa kabla ya masika yajayo. Mafundi wa aina hiyo bado wapo Unguja, wachache na wazee. Waleteni, na pamoja nao tutawapa vijana wanne wa Dimbani wakae nao wajifunze, bila malipo kama hapana budi. Baba yangu alikufa na ujuzi wake kwa sababu hakuna aliyetaka kuchomwa na chokaa siku alizokuwa na nguvu ya kufundisha. Na mimi nilikuwa mmoja wao.

Tunaomba wageni wasiingizwe kuanzia adhana mpaka imamu atoe salamu na watu wamalize nyiradi zao, na hilo liandikwe mlangoni na liwekwe katika masharti ya kila anayepewa ruhusa ya kutembeza watalii. Ni kama nusu saa. Boti zitasubiri.

Tunaomba maandishi ya mihrabu yatafsiriwe kwa Kiswahili, yote, pamoja na yale ya karne ya 18, na nakala zipelekwe skuli na madrasa za Kizimkazi zote mbili, Dimbani na Mkunguni, na wapewe watembeza watalii wasome kabla hawajafungua midomo yao. Hesabu ya michango isomwe mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa, angalau mara mbili kwa mwaka. Na pasiwe na kikao chochote cha kuamua habari za msikiti huu ambacho hakina mtu anayesali ndani yake.

Nina tarehe ya kuwapa pia, na si mimi niliyeichagua. Jiwe linasema Dhulkaada mwaka 500. Dhulkaada ya mwaka 1450 Hijria itaangukia kati ya Machi na Aprili 2029, na siku hizo maandishi yale yatatimiza miaka 950 kwa kalenda iliyotumiwa na aliyeyachonga. Yalipotimiza miaka 900, mwaka 1400 Hijria, nilikuwa bado sijazaliwa. Wazee wananiambia mwezi ule ulipita kama miezi mingine. Safari hii tungependa ukuta wa kibla uwe umeponywa na watoto wetu wawe wanaweza kusimama mbele ya mihrabu wakasoma kwa lugha yao. Chokaa ikichomwa mwaka huu, itawahi.

Tunawakaribisheni Ijumaa yoyote mtakayopenda. Njooni mapema kabla ya khutba, tuuzunguke ukuta wa nje pamoja, niwaonyeshe mahali kiraka kilipobanduka. Kile kipande cha jiwe nimekihifadhi nyumbani, kimefungwa kwa kitambaa; kina alama ya shoka la aliyekikata.

Wabillahi tawfiq.

Ni mimi mtiifu wenu,
Mswalihina wa Msikiti wa Kale,
Kizimkazi Dimbani, Kusini Unguja